Shangazi, wimbo wa marehemu baba umenifanya nisimwamini mtu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya mjini na ninauza mchele pale Mwanjelwa. Nimezaliwa Rungwe, kijijini kule juu karibu na Tukuyu. Naomba univumilie barua ikiwa ndefu, maana jambo lenyewe nikimweleza mtu ana kwa ana huwa anacheka. Ni habari ya wimbo.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, njia yake Dar hadi Tunduma. Yeye na rafiki yake, mtu waliyechunga naye ng'ombe utotoni, walichanga pesa wakanunua Fuso. Kadi ya gari iliandikwa jina la yule rafiki, kwa kuwa siku ya kuandikishana baba alikuwa safarini. Ikapita miaka, gari likauzwa, baba akaambiwa hana chake. Alihangaika hadi kwenye baraza la kata akarudi mikono mitupu, kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Baada ya hapo alirudi nyumbani akawa mtu wa kukaa barazani na redio kaseti yake.

Alikuwa na kanda moja ya dansi la zamani. Ndani yake kuna wimbo wa mtu aliyekuwa na fedha na marafiki tele, akafilisika, wote wakawa wanampita njiani kama hawamjui. Baba aliusikiliza huo tu. Ukiisha anatoa kanda, anairudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe, anauanza tena. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia kidato cha kwanza. Mwaka ule hali ilikuwa mbaya sana nyumbani. Ndizi tulikuwa tunaletewa na mama jirani, ada yangu alilipa mjomba, na jioni nikirudi shule nakuta wimbo uleule. Hakuna aliyenifundisha, uliniingia wenyewe.

Baba alifariki nikiwa nimeshaolewa. Kanda iliharibika zamani, lakini mdogo wangu aliutafuta wimbo akaniwekea kwenye simu. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, lazima niusikilize. Siku nikikosa naona kama nitaibiwa.

Na kusema kweli umenisaidia. Sikopeshi mtu, mali kauli sitoi wala sichukui, sijawahi kuingia kikoba chochote. Nimeona wenzangu wengi sokoni wakilia kwa kutapeliwa, mimi mtaji wangu upo. Ila pia sina mtu wa kumpigia simu usiku nikizidiwa. Nilikuwa sioni kama ni tatizo.

Sasa yametokea mambo mawili. La kwanza, dada mmoja wa kibanda cha jirani ameniomba tuunganishe mitaji. Anataka twende Kyela wakati wa mavuno, tununue mpunga, tuutunze mpaka bei ipande, halafu tukoboe na kuuza wenyewe. Huyu dada ndiye aliyeniuzia kibandani nilipojifungua mtoto wa pili, na hesabu yake haikupungua hata shilingi. Lakini kila nikitaka kumwambia ndiyo, nausikia wimbo kichwani, tena kwa sauti ya baba.

La pili limeniumiza zaidi. Binti yangu yuko darasa la tano. Mwalimu wake aliniita. Darasani waligawanywa vikundi, wanne kwa kitabu kimoja, binti yangu akakataa kukaa na wenzake. Akawaambia maneno ya wimbo ule ule, kwamba rafiki anakupenda ukiwa nacho tu. Mwalimu akaniuliza, mtoto huyu maneno haya ameyatoa wapi? Sikuwa na jibu.

Mume wangu anaimba kwaya kanisani, Moravian, na yeye anasema wimbo huo niufute kwenye simu, basi. Wifi yangu anasema una roho ya uchungu ndani yake. Mimi pia naabudu, siyo kwamba napinga. Lakini nikifikiria kuufuta naona kama namwambia baba kwamba machozi yake yalikuwa ya bure.

Shangazi, niufute? Na huyu mwenzangu nimjibu nini? Anataka neno langu kabla mpunga haujaanza kuvunwa.

Ndaga fijo, asante sana.

Mama wa mchele, Mwanjelwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako sikuicheka. Nimeisoma, nikaiweka, nikairudia, na kila nikiirudia naona maswali yako mawili yana la tatu katikati yao ambalo hukuliandika. Umeuliza kama ufute wimbo, ukauliza kama ushirikiane na mwenzako. Katikati yupo baba aliyedhulumiwa mbele ya macho ya binti aliyekuwa bado mdogo, na binti huyo sasa ni mama wa watoto wawili anayefungua kibanda kila asubuhi huku akimlinda baba yake asiibiwe tena. Naomba tuanzie kwake.

Kwanza uondoe hofu kwamba una kasoro. Watu wanaochunguza kumbukumbu wameona tena na tena kuwa nyimbo tunazosikia tangu tukiwa na miaka kama 10 hadi ishirini na kitu ndizo zinazong'ang'ania kuliko za umri mwingine wowote. Ndiyo maana mzee wa miaka 80 husahau alichokula mchana lakini akaimba beti zote za ujana wake. Wewe uliupata wimbo huu katika umri huohuo, ukausikia kila jioni, nyumba ikiwa kwenye msiba usio na maiti. Ungewezaje usikuingie?

Lakini hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kitu. Unasema wimbo umekufanya usimwamini mtu. Una uhakika ni wimbo? Mtoto anapomwona baba yake, mtu aliyekuwa akipeleka lori mpaka Tunduma, amekaa barazani hasemi, mtoto huyo anatafuta maelezo, na watu wazima hawampi. Kwenu maelezo yalitoka kwenye kaseti. Nadhani hofu ilitangulia, wimbo ukaipa maneno. Kama ni hivyo, ukiufuta leo hofu itabaki palepale, safari hii bila maneno, na itakuwa ngumu zaidi kuishika.

Tuuangalie na wimbo wenyewe. Umri wangu unaniruhusu kukumbuka nyakati ambazo Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio pekee huku bara, na dansi la namna hiyo lilikuwa likiingia kila nyumba yenye betri. Watunzi wa dansi walikuwa wasimulizi. Mtu aliimba "mimi" kwa niaba ya mlevi, ya mke aliyeachwa, ya tajiri aliyefilisika, na yeye mwenyewe hakuwa hata mmoja wao. Bendi hiyohiyo, usiku huohuo, ingepiga wimbo wa usaliti, ikafuatisha wa harusi, halafu wa kusifu kazi. Waliokwenda ukumbini walisikia huzuni ya yule mfilisika kwa dakika chache, katikati ya nyimbo nyingine nyingi, wakiwa na wenzao. Wewe umeutoa humo ukabaki nao peke yake, asubuhi, kila siku, kwa miaka. Dawa ya kunywa kijiko ukiinywa chupa nzima haiwi dawa ileile, hata kama maandishi ya kwenye chupa hayajabadilika.

Hebu nijibu hili ukiwa peke yako. Huwa unausikiliza mpaka mwisho? Nyimbo nyingi za dansi zinaanza taratibu, mwimbaji anaeleza shida yake, kisha gitaa linageuza mwendo na tunaingia kwenye chemko, pale watu wanapoinuka kucheza. Chemko halifuti huzuni ya mwanzo. Linawaambia waliosikia huzuni ile wainuke na kucheza nayo wakiwa pamoja. Kama wimbo wa baba una sehemu hiyo, na wewe hukata mara maneno yanapokwisha ili uwahi kibandani, basi miaka yote umekuwa ukisikiliza nusu ya alichotunga mtunzi.

Na sikiliza wanaopiga. Kuna gitaa la solo, la rithimu, la besi, kuna tarumbeta, ngoma, na waitikiaji nyuma ya mwimbaji. Bendi kama hizo zilikuwa na watu kumi na zaidi. Wimbo unaolalamika kuwa marafiki hawaaminiki umetufikia kwa sababu watu wote hao waliaminiana kuingia pamoja, kunyamaza pamoja na kumpisha mwenzao apige solo. Siyo kwamba hawakuumizana. Wanamuziki wa dansi walihamahama sana na kunyang'anywa kutoka bendi moja hadi nyingine. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ilijengwa na watu waliotoka bendi nyingine. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, watu wakaondoka wengine wakaingia, na muziki ukaendelea. Waliokuwa wakituimbia juu ya usaliti walikuwa wanajua usaliti, kisha kesho yake wanapanda jukwaani na watu.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja ya barua yako ambayo wewe umeipita haraka. "Ndizi tulikuwa tunaletewa na mama jirani, ada yangu alilipa mjomba." Mwanangu, uliandika hivyo ukaendelea na habari ya kaseti. Mwaka uleule rafiki mmoja alipomwangusha baba yako, kuna mama aliyekuwa anakata mikungu yake na kuileta kwenu, na kuna mwanaume aliyetoa ada ya mtoto ambaye si wake. Yule mtu wa kwenye wimbo aliachwa na wote. Baba yako hakuachwa na wote. Hayo mawili yalitokea kwenye nyumba moja, ila moja lilikuwa na wimbo wake na lingine halikutungiwa. Ningependa kujua huyo mama jirani yuko wapi siku hizi, na kama umewahi kumwuliza yeye anamkumbukaje baba yako.

Na wewe ni mtoto wa Rungwe. Zamani kwa Wanyakyusa vijana wa kiume walipofika umri wa miaka kama 10 au 11 walitoka kwa baba zao wakaanza kijiji chao na wa rika lao, wakakua humo, wakaoa humo, wakazeeka majirani. Wazee wako walijua vizuri kuwa rafiki anaweza kukuumiza, na bado walijenga vijiji vizima juu ya urafiki. Nafikiri hilo ndilo lililomvunja baba yako kuliko Fuso yenyewe: aliyemdhulumu alikuwa mtu waliyechunga naye ng'ombe.

Ndiyo maana siwezi kukuambia machozi yake yalikuwa ya bure. Hayakuwa. Ninachojiuliza ni somo gani lilikuwa ndani yake. Wewe umechukua kwamba mtu haaminiki. Mtu mwingine, kwa kisa hichohicho, angechukua kwamba gari la watu wawili lisiandikwe jina moja, na siku ya kuandikishana usiwe safarini. Somo la kwanza linakufunga mlango kwa kila mtu. La pili linakwambia cha kufanya mtu akija. Huko kwenye vikoba unavyoviogopa, sanduku la pesa huwa na makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo mbele ya wanachama. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa watu wa kuamini ovyo. Walijua tamaa ipo, wakaitengenezea kufuli, wakaendelea kukutana kila wiki.

Kuhusu kuufuta wimbo, naona njia kadhaa na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuufuta kama anavyotaka mume wako. Utapata amani ya nyumba, kwa muda. Lakini ukiufuta kwa kulazimishwa, huzuni ya baba itahamia kwa mume wako, utaanza kumwona yeye ndiye aliyekunyang'anya, na binti atajifunza kwamba babu yake ni jambo la aibu lisilotajwa. Unaweza kuuacha kama ulivyo; gharama yake umeshaiona darasani. Unaweza kuusikiliza kwa siri, na hapo ninaogopa zaidi, kwa sababu kitu cha siri huongezeka nguvu. Au unaweza kuubadilishia saa na mahali. Uutoe kwenye alfajiri ya biashara, uuweke jioni, mkiwa wote, uusikilize hadi chemko liishe, na uwaambie ni wa nani. Hata hii ina hatari: unaweza kulia mbele ya watoto, na mume wako anaweza asikubali kukaa. Kwa mwenye huzuni, wimbo wa huzuni mara nyingi hufariji, lakini kwa anayezoea kulizungushazungusha jambo moja kichwani unaweza kumzamisha. Wewe ndiye unayejua, ukizima simu, unabaki umepumua au umekazwa.

Mume wako usimwone adui. Anaogopa kwa ajili ya mtoto, na ana haki. Lakini yeye naye ni mtu wa nyimbo. Kwaya na tarumbeta za Kimoravian huko Rungwe zimesindikiza watu makaburini tangu enzi za bibi zetu, anajua kabisa kuwa wimbo wa majonzi si lazima uwe na roho mbaya. Mwulize ni wimbo gani yeye hawezi kuuachia, na aliupata lini. Nadhani mkianzia hapo mtaongea kama watu wawili wenye jambo moja, badala ya mmoja kumhukumu mwenzake.

Binti yako ndiye anayehitaji kufikiwa mapema. Amerithi wimbo wa babu lakini babu mwenyewe hajampata. Anajua maneno, hajui Fuso, hajui kadi, hajui zile ndizi. Mwenye miaka 10 na kitu kidogo anaweza kabisa kukielewa kisa kile ukimpa chote, pamoja na mama jirani na mjomba. Nakusihi usimkaripie kwa alichosema darasani. Alikuwa anarudia alichomwona mama yake akikiamini, na alikirudia kwa uaminifu. Na ukirudi kwa mwalimu, mwambie tu kwamba nyumbani kuna habari ya msiba wa zamani mnayoizungumza. Mwalimu aliyechukua hatua ya kukuita atakuelewa.

Nabaki na mwenzako wa kibandani. Siwezi kukuambia ndiyo wala hapana, simjui. Nakijua alichofanya, kwa sababu umekiandika wewe: ulikuwa kitandani na mtoto mchanga, yeye alikaa na mizani yako na pesa yako, na hesabu ikatimia. Huo ni ushahidi. Hautoshi kumkabidhi mtaji wote, lakini ni zaidi ya alichokuwa nacho yule mtu wa kwenye wimbo. Unaweza kumkatalia kwa upole na mkabaki majirani wema, hakuna dhambi katika hilo, ingawa ataumia kidogo na wewe utajiuliza. Unaweza kuanza na magunia machache msimu huu, kila mmoja atie kiasi ambacho akikipoteza watoto bado watakula. Unaweza pia kusema twende wote, nusu kwa nusu. Hapo tahadhari yangu haimhusu yeye, inauhusu mpunga. Mpunga uliotunzwa bado na maganda unavumilia kuliko mchele uliokobolewa, lakini unyevu upo, panya wapo, na bei inaweza kugoma kupanda kama mavuno ni mengi nchi nzima au mchele wa nje ukiruhusiwa kuingia. Mnaweza kupata hasara bila yeyote kuwa mwizi. Na ikitokea, mwanangu, wimbo utakuja haraka kukueleza kuwa umesalitiwa. Jiandae kwa siku hiyo kabla haijafika. Mkubaliane mapema hasara itagawanywaje.

Vyovyote utakavyoamua, kama pesa zitaunganishwa basi kuwe na karatasi yenye majina yote mawili, kiasi cha kila mmoja, na mashahidi, hata ofisi ya serikali ya mtaa mkigonga muhuri ni vizuri. Mume wako awepo, wa kwake kama yupo awepo. Stoo iwe na makufuli mawili, kila mtu na ufunguo wake. Akikuuliza mbona unataka yote haya kati ya watu wanaojuana, mweleze habari za baba yako, zote, kuanzia kadi ya Fuso. Mwulize na yeye aliwahi kudhulumiwa na nani, maana mtu aliyekaa sokoni muda huo wote lazima ana kisa chake. Fanyeni mazungumzo hayo kabla hamjapanda gari la kwenda Kyela, hela ikiwa bado mfukoni mwa kila mmoja.